Weupe Usiopakwa

Bakuli jeupe halipakwi rangi nyeupe. Anayeketi kuchora kwa rangi za maji hukutana na sharti hilo kabla ya mengine yote, na litamtawala tangu asubuhi ya kwanza hadi siku ya kutia sahihi. Weupe wa bakuli ni karatasi yenyewe iliyoachwa bila kuguswa. Rangi ikishapita hapo, hata iwe hafifu namna gani, mwanga ule haurudi ulivyokuwa. Utasugua kwa brashi yenye maji safi, utafyonza kwa kitambaa, na alama itabaki. Kwa hiyo uamuzi mkubwa wa picha hufanywa wakati mpita njia haoni kinachofanyika: karatasi tupu, brashi kavu, na mtu mzima ameduwaa analikodolea macho bakuli.

Sisi hatukuzoeshwa hivyo. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, alitumia vibao na rangi ya mafuta inayong'aa, ile ya kupaka baiskeli, ambayo haionyeshi kilicho chini yake. Waliomfuata wameendeleza mwendo uleule: usuli kwanza, kisha umbo la mnyama, kisha madoa, na zile nukta nyeupe zinazolifanya jicho la chui liwe hai huja mwisho kabisa. Mwanga huongezwa. Mkono ukiteleza, ngoja ikauke, paka juu yake. Tingatinga aliuawa mwaka 1972, miaka minne tu baada ya kuanza, na mtindo wake umezilisha familia nyingi tangu hapo. Ukitembea kwenye vibanda vya Bagamoyo utauona umetundikwa kila upande. Siutweza hata kidogo. Nasema tu kwamba macho yetu yamefundishwa kuungoja mwanga mwishoni, na rangi za maji zinakudai mwanga mwanzoni, kabla hujajua picha itakuwaje.

Vifaa vyenyewe ni tabu kupata. Mwulize mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale mjini rangi ya maji, atakushushia ndoo ya lita 20 ya kupaka ukuta, na hana kosa. Vibonge vidogo vya rangi na karatasi nene ya pamba hufuatwa Dar es Salaam, au huletwa na jamaa anayerudi kutoka ng'ambo. Karatasi inayofaa ina uzito wa gramu 300 kwa mita moja ya mraba, imetengenezwa kwa nyuzi za pamba na kuloweshwa jelatini ili isinywe rangi kwa pupa. Pamba inalimwa Simiyu na Shinyanga, sehemu kubwa yake inauzwa nje ikiwa nyuzi tupu, nasi tunainunua tena ikiwa karatasi, kwa bei ya kumfanya mtu ashike kila ukurasa kwa vidole viwili. Huo mzunguko umeshasemwa sana kuhusu mashati. Kwa karatasi hakuna anayeusema.

Picha yenyewe huanzia sokoni. Ndimu mbili, moja ya kijani na moja iliyoanza kugeuka. Nazi moja, iliyopasuliwa kwa mgongo wa panga, nusu yake ikabaki na nyama yake ndani ya kifuu. Mkeka wa ukili wenye mistari ya zambarau, uliochakaa upande mmoja. Na bakuli la Kichina lenye maua ya buluu na ufa mwembamba kutoka ukingoni hadi karibu na kitako, nililoazimwa na bibi jirani, ambaye alilitoa kabatini kwa mikono miwili akanionya kwamba limemzidi umri. Hapo mtu anaweza kupoteza asubuhi nzima akisogeza ndimu. Ukiiweka katikati, picha inalala. Ukiisogeza mpaka ikafichwa kidogo na bakuli, mara vitu vinaanza kujuana.

Wapo watakaosema kwamba kupanga vyombo na matunda mezani ili kuvichora ni utamaduni wa Waholanzi wa karne ya 17, sisi tunaiga. Kwa upande wa mafuta na turubai, wana hoja. Ila kazi ya kuvipanga vitu ili vitazamwe haikuletwa hapa na Mholanzi. Nyumba za mawe za Lamu na Pate za karne ya 18 zilikuwa na safu za vidaka ukutani, vimenakshiwa kwa chokaa, na ndani yake yalikaa mabakuli na sahani kutoka China, kila kimoja katika kivuli chake kidogo. Aliyeingia chumba cha ndani alikuta picha tayari imeshatungwa. Na wenye kutunga hawakuishia kwa walio hai. Kaole, kama kilomita tano kusini mwa Bagamoyo, kuna magofu ya misikiti na makaburi ya nguzo. Kunduchi, ukirudi kuelekea Dar es Salaam, kuna makaburi mengine ya karne ya 18. Waashi wa makaburi hayo walipachika vyombo vya kauri kwenye chokaa, uso wa bakuli ukitazama nje. Vingi vimevunjika au vimeng'olewa, yamebaki mashimo ya duara. Simama mbele ya shimo mojawapo wakati wa alasiri uone kivuli kinavyojikunja ndani yake. Ndicho kivuli hichohicho kinachomtesa mchoraji anapotaka kuonyesha kwamba bakuli lina tumbo.

Dini nayo haikuwa kizuizi kwa sanaa ya namna hii. Imepokewa kwamba Ibn Abbas, sahaba wa Mtume Muhammad, alipoendewa na mtu aliyekula kwa kuchora sanamu, alimwelekeza achore miti na vitu visivyo na roho. Milango ya mwambao imejaa utii huo: maua, minyororo, mitende. Bibi jirani, ambaye hatundiki picha ya mtu nyumbani mwake hata ya marehemu mumewe, hana neno na ndimu.

Tuje kwenye mwanga. Bagamoyo inatazama baharini, na jua linachomoza kutoka upande wa Unguja. Barazani kwangu linaingia chini chini, linapiga ubavu wa bakuli na kuvuta kivuli kirefu juu ya mkeka. Lakini kwa watu tulio karibu na ikweta, jua halikawii. Kivuli cha saa moja na nusu asubuhi na cha saa tatu si ndugu. Mwanzoni mwa Machi, na tena kiasi cha tarehe 10 Oktoba, jua la adhuhuri hupita utosini mwetu kabisa, vitu vinakanyaga vivuli vyao wenyewe, na meza nzima inakuwa bapa. Mchoraji wa Edinburgh au Amsterdam ana dirisha la kaskazini lenye mwanga uleule karibu kutwa nzima, ndiyo maana vitabu vyao vinamshauri mtu atulie na kutazama. Kwa pwani yetu ushauri huo hautoshi. Unachagua kivuli kimoja, tuseme cha saa mbili, unakizungushia penseli, na kuanzia hapo unavikana vingine vyote hata vikiwa vizuri zaidi. Saa tatu na nusu unafunika rangi. Kesho utarudi saa mbili.

Penseli iwe nyepesi, maana ufutio unaikwaruza karatasi na pale palipokwaruzwa rangi itajikusanya na kufanya doa. Ugumu wa bakuli uko mdomoni mwake. Akili inajua kwamba mdomo ni duara, jicho linaona umbo lililobanwa, na mkono unataka kuitii akili. Matokeo yake wengi huchora mdomo uliofunguka mno, kana kwamba bakuli limeinamishwa kumwonyesha mgeni kilichomo. Dawa ni kupima: shika penseli kwa mkono ulionyooka, funga jicho moja, linganisha upana na kimo. Ni kazi ya fundi zaidi kuliko ya msanii, na fundi seremala angeifanya kwa utulivu kuliko wengi wetu.

Kisha rangi. Mtu wa pwani hahitaji maelezo marefu hapa, kwa sababu utaratibu ni ule wa kupika kwa nazi: tui jepesi hutangulia, linachemka na vitu taratibu, na kasimile huja mwisho. Tabaka la kwanza ni maji zaidi kuliko rangi. Ndimu ya kijani hupewa manjano hafifu tupu, hata ukiona kijani chake kinakuita. Ndani ya bakuli unapitisha buluu iliyochujuka, ukiuacha ukingo mkavu mwembamba wa upana wa ukucha, ambako jua limegonga. Mkeka wote unapakwa rangi ya mchanga mmoja. Ukimaliza, unayo picha ya mzimu: kila kitu kipo mahali pake na hakuna kilicho na uzito.

Halafu unangoja. Katika vitabu vya mafunzo neno hilo hupita kwa mstari mmoja, nami naona ndilo lililostahili sura nzima. Kila tabaka lazima likauke kabla ya linalofuata, la sivyo yatachanganyika na kutoa tope. Katika miezi ya kusi, Juni hadi Agosti, upepo ni mkavu kidogo na karatasi inakauka wakati unanywa kahawa. Kaskazi ikiingia na joto lake, hewa imejaa maji. Wakati wa masika ndiyo usiseme, unaweza kupaka asubuhi na kukuta alasiri bado panateleza. Kutazama hakutoshi, maana karatasi huacha kung'aa kabla haijakauka. Geuza kiganja, gusisha mgongo wa mkono karibu na ukingo. Ukisikia ubaridi, maji bado yamo. Ubaridi huo ndio saa pekee ya kuaminika katika kazi hii.

Kinachompata asiyengoja kinafaa kutazamwa kwa karibu, kwa kuwa kina uzuri wake. Tabaka liko nusu kavu, na tone moja la maji linaanguka kutoka kwenye brashi. Maji mapya yanatambaa, yanasukuma chembe za rangi mbele yake hadi yanapoishiwa nguvu, na pale yanaziacha zimejipanga kama ua lenye kingo zilizochanjwachanjwa. Katikati pameoshwa, ukingoni pamekolea. Huwezi kulifuta ua hilo. Baadhi ya wachoraji hulitengeneza kwa makusudi kwenye mawingu au kwenye ukuta wenye koga. Juu ya ubavu wa bakuli la Kichina linaonekana ugonjwa. Chumvi nayo ina mambo yake. Chembe zikiangukia rangi mbichi hunywa maji yaliyo karibu na kuacha nyota ndogo nyeupe, na kwa kuwa visima vingi vilivyo karibu na ufukwe vina maji ya chumvi-chumvi, mtu mwangalifu huchorea maji ya mvua.

Tabaka la pili na la tatu ndipo macho yanapoanza kuadhibiwa. Ulidhani kivuli ni cheusi. Tazama tena: upande wa giza wa bakuli una umanjano, umetoka kwenye ndimu iliyo jirani, na chini yake kuna zambarau ya mkeka inayopanda juu taratibu. Kivuli kilicholala mkekani ni buluu karibu na bakuli na hugeuka kahawia kinapokwenda mbali. Mchanganyiko wa buluu ya ultramarini na hudhurungi ya udongo uliochomwa hutoa kijivu kilicho hai, ambacho ukikizidishia hudhurungi kinaelekea moto, ukikizidishia buluu kinaelekea ubaridi. Rangi nyeusi ya kopo haihitajiki mezani.

Nyama ya nazi nayo ni mtihani wa aina yake. Iko pale karibu na bakuli jeupe, nayo ni nyeupe, na karatasi ni nyeupe. Weupe wa namna tatu. Ukiuacha wote mtupu, hakuna atakayejua kipi ni kauri na kipi cha kuliwa. Bakuli lina mng'ao mkali wenye kingo kali; nazi inameza mwanga na kuurudisha kwa uvivu, ina unyevu wa mafuta, na kingo za mwanga wake hazionekani zinapoishia. Kwa hiyo nazi inapewa pazia hafifu mno la krimu juu yake yote ikiwa bado mbichi, na mng'ao wa bakuli unaachiwa karatasi tupu. Tofauti ya mguso inatoka kwenye kiasi cha maji, wala haitoki kwenye rangi.

Na mkeka? Anayeanza kuchora mwaa mmoja mmoja wa ukili atachoka kabla ya kumaliza kona. Ukili hauchorwi. Yanachorwa matundu yake: vile vipembe vidogo vya giza mahali mwaa mmoja unapopita chini ya mwingine. Rangi ya mchanga uliyoipaka siku ya kwanza inabaki kuwa miyaa yenyewe, nawe unazunguka na ncha ya brashi ukiweka giza la pembeni. Hapo ndipo subira inapoonekana kwa macho. Safu moja ya vipembe ni kama robo saa. Mkono unakamata mwendo wa msukaji bila kujua, juu, chini, kata, na mara unatambua kwamba aliyesuka mkeka alihesabu yote haya kichwani bila mstari wa penseli. Kufikia hapo nilimheshimu kuliko mchoraji yeyote ninayemfahamu.

Bibi jirani hupita kila asubuhi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Hizo ndimu bado unazitazama tu? Mie samaki wangu anazingoja."

"Bado kidogo, bibi. Ya kijani imeshaanza kugeuka manjano."

"Basi si uichore manjano! Wewe ulitaka ikusubiri?"

Ana haki. Katika meza ya vitu vilivyopangwa, kila kitu kina saa yake ya kuondoka, na mpangilio wa kazi hufuata saa hizo. Kama kuna samaki, anatangulia. Pono anayetoka majini na kijani na buluu yake mnadani Bagamoyo, rangi hizo zimeanza kumtoka kabla jua halijapanda. Nazi inafuata, maana inakauka na kupinda. Ndimu zina siku kadhaa. Mkeka na bakuli vina miaka. Maua nayo yana saa yake. Joy Adamson, ambaye wengi wanamjua kwa hadithi ya simba jike, alifika Kenya mwaka 1937 na alikuwa mchoraji wa maua ya porini kwa rangi za maji kabla ya kuwa mwandishi. Mwaka 1947 alipata medali ya Grenfell kutoka chama cha bustani cha Uingereza kwa kazi hiyo. Ua lililokatwa linaanza kunyauka, na aliyelichora kwa undani alilazimika kuchagua petali ipi ianze. Ukiyatazama maua yake vizuri, unamwona mtu mwenye haraka aliyejizuia.

Wakati karatasi inakauka, akili huzurura, na Bagamoyo si mji wa kuiachia akili izurure bila kukutana na pembe. Misafara iliyotoka Tabora na Ujiji ilishukia hapa, pembe za ndovu zikapita kwenda Unguja na ng'ambo. Pembe ya Afrika Mashariki, laini ya kuchongeka, ilitafutwa sana na watengenezaji wa vibao vya piano wa Connecticut, Marekani. Lakini kuna matumizi mengine ya pembe yasiyotajwa sana. Tangu mwanzoni mwa karne ya 18, wachoraji wa Ulaya wa picha ndogo za sura, zile za kuvaa kifuani au kuweka mfukoni, walichora kwa rangi za maji juu ya vipande vyembamba vya pembe za ndovu. Walipenda pembe kwa sababu ileile tunayopendea karatasi: mwanga hupenya rangi, hugonga weupe ulio chini, hurudi. Shavu la bibi arusi wa London liling'aa kwa weupe wa jino la mnyama. Pembe hizo zilitoka bara zikiwa zimebebwa mabegani, na waliobeba hawakuwahi kuchorwa kwa uangalifu huo.

Sandarusi pia. Ardhi ya mwambao huu, ikiwemo ya nyuma ya Bagamoyo na Saadani, ilichimbwa utomvu wa kale uliogeuka jiwe, ukapelekwa Unguja, na wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, waliununua kwa ajili ya vanishi. Ulipakwa juu ya mabehewa, samani, hata picha za mafuta. Rangi za maji hazikuuhitaji. Gundi yao ni ya mgunga, na bora yake hutoka Sudan. Natamani makumbusho yetu, yanapoeleza njia ya kati ya watumwa na pembe, ambayo tangu mwaka 2006 ipo katika orodha ya awali ya Tanzania kwa ajili ya Urithi wa Dunia, yaweke mezani kipande cha sandarusi, kibao kimoja cha piano na picha moja ndogo ya pembe. Mgeni ataelewa haraka kuliko kwa bango lenye maandishi mengi.

Rangi za maji zilipita hapa mapema. Mwaka 1860 John Hanning Speke na James Augustus Grant walivuka kutoka Unguja wakaanzia Bagamoyo safari yao ya kutafuta chanzo cha Nile, na Grant alikuwa anachora njiani kwa rangi za maji: watu, vyombo, mimea. Picha hizo zimehifadhiwa Edinburgh, katika Maktaba ya Taifa ya Uskoti. Ni kazi ya mtu anayetembea. Anaona, anaandika, anaondoka, na thamani yake iko hapohapo. Anayeketi mbele ya bakuli moja kwa wiki kadhaa anafanya kazi nyingine kabisa, ingawa sanduku la rangi linaweza kuwa lilelile. Albrecht Dürer aliwahi kuketi mwaka 1503, miaka miwili kabla Wareno hawajaishambulia Kilwa, akachora kwa rangi za maji fungu la majani ya kawaida yaliyong'olewa na udongo wake. Majani, basi. Hakuna ndovu, hakuna mfalme. Picha hiyo ipo Vienna hadi leo.

Turudi mezani. Giza la mwisho huwekwa kwa uchache. Mstari ulio chini kabisa ya kitako cha bakuli, pale linapogusa mkeka na mwanga wowote usipopita. Upenyo kati ya ndimu mbili. Nyufa za kifuu. Ukiweka giza hilo, ule weupe ulioulinda tangu mwanzo unaruka mbele bila kuguswa, na bakuli linaketi. Kisha ufa wa bakuli, kwa ncha kavu ya brashi, pigo moja tu kutoka ukingoni kushuka. Baada ya hapo kila pigo la ziada linaiba. Wachoraji wengi wenye mkono mzuri nawajua kwa picha walizoziua kwa siku moja zaidi.

Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilianza mwaka 1981, na tangu 2007 tunakiita TaSUBa. Kwa sifa kubwa kimeufanya mji usikike kwa ngoma, muziki na maigizo. Mtazamaji wa jukwaani huona jasho na hulipa kiingilio bila kuuliza. Mchoraji wa mezani hana jasho la kuonyesha. Mteja anaishika picha, anaigeuza, anauliza, "Hii inakuchukua muda gani?" Akijibiwa saa za brashi peke yake, anazidisha kichwani na kuona ameibiwa. Hakuhesabu asubuhi za kungoja, wala kile kivuli cha saa mbili kilichofuatwa siku baada ya siku, wala ndimu ambazo hazikukamuliwa.

Basi, msomaji, ukimkuta anayechora hivi, Bagamoyo, Kunduchi au kwenye kibaraza chochote cha mwambao, usimwombe akupunguzie kwa sababu ni karatasi tu. Lipa, kisha uitunze. Iwekee fremu yenye kioo, na kadi nene pembeni inayoitenga picha na kioo, la sivyo unyevu wetu utaigandisha kwenye kioo. Usiitundike ukuta unaopigwa na jua. Nyekundu nyingi za bei rahisi huchujuka kwanza, zikifuatiwa na manjano. Na mara mojamoja, msimu wa masika ukiisha, ishushe uangalie mgongo wa karatasi kama koga imeingia.